Toleo Jipya na Hesabu ya Shangazi

Nilirudi kazini Jumatatu, likizo ya uzazi imekwisha jana yake, nimekunja kipande cha kanga ndani ya sidiria kuzuia maziwa, na nikakuta kompyuta ya ofisi si ile niliyoiacha. Kasha lilikuwa lile lile, lenye duara la kikombe cha chai juu yake. Lakini kioo nilichokiacha cheusi chenye herufi za kijani kilikuwa cheupe pe, na juu yake vimejipanga vipicha vidogo vidogo, mkasi, diski, brashi ya rangi, kama rafu ya duka la vifaa.

"Shangazi, programu yetu iko wapi?"

"Imefutwa."

"Nani kaifuta?"

"Shikamoo kwanza, mwana wee."

"Shikamoo. Nani kaifuta?"

"Marahaba. Binti wa tajiri. Keti, utapasua maziwa."

Shangazi hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa taipisti mkubwa wa ofisi ile, mwanamke wa Moa, mfupi, mwenye ushungi uliopigwa pasi kila siku ya Mungu, na ofisi nzima tulimwita Shangazi, hata tajiri mwenyewe aliyekuwa na mvi. Ndiye aliyenichukua nilipomaliza kidato cha nne na cheti cha taipu cha masomo ya jioni. Alinipa karatasi, akanisikiliza nikipiga, hakutazama nilichoandika. Akasema, "Vidole vyako vina hasira lakini vinafuatana," nikaajiriwa.

Kazi ya kampuni ilikuwa kupitisha mizigo bandarini. Mkonge ukitoka mashambani unafika Tanga ukiwa marobota, unalala ghalani, na hauingii melini mpaka karatasi zake zikamilike. Karatasi hizo ndizo sisi. Vyumba viwili karibu na bandari, feni moja, mimi na Shangazi chumba cha mbele, tajiri chumba cha nyuma na simu yake.

Tajiri aliniita saa nne. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa, babu yake alifungua duka la nguo Pangani kabla barabara haijafika, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliniuliza habari za mtoto, akanipa bahasha ya hongera na kanga mbili kutoka kwa mkewe. Nilijua kuna jambo. Mtu hakupi kanga mbili ofisini bure.

"Dada," akasema, "hali unaiona. Mashamba yanauzwa, nusu yana majani. Meli zinapita kwenda Mombasa. Mimi sikatai watu, lakini binti yangu ameniletea hii programu mpya, na anasema ofisi za wenzetu, kazi hii ni ya mtu mmoja."

"Mtu mmoja nani?"

"Ndiyo hilo. Mimi sitaki kuchagua kwa macho. Ijumaa kuna shehena kubwa ya kwanza ya msimu. Atakayetoa fomu ya forodha safi kwenye programu hii, ndiye atakayebaki. Mwingine nitamtafutia cha kumpa, Mungu shahidi yangu."

"Shangazi anajua?"

Aliangalia simu yake. "Anajua tangu wiki iliyopita. Alisema tukusubiri wewe urudi, isiwe dhuluma."

Nilitoka mle bila huzuni. Nilikuwa na hasira miezi ile hata chumvi ingenikosea ningeigombeza. Baba wa mtoto alikuwa Mererani anachimba mawe ya buluu, ameniachia ahadi na begi lake bovu. Baba yangu alipunguzwa kazi shambani siku walipokuja wanunuzi, akarudi nyumbani na mkoba wa vyombo vya ufundi ambavyo hakuna mashine tena ya kuvitumia. Mama ndiye aliyebaki na mtoto Chumbageni, anamkogesha, anamwimbia, na kila siku saa sita na nusu mimi napanda baiskeli nikamnyonyeshe, nirudi saa nane. Mshahara wangu ndio uliotuweka wanne. Halafu mtu anatoka Mombasa na sidii ndani ya mkoba, anafuta programu yangu nikiwa kitandani na nyuzi sijatolewa.

Binti wa tajiri alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kaolewa Mombasa, kasoma huko. Hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unajua pa kumpiga. Alinivutia kiti, akanionyesha.

"Ni toleo jipya, dada. Lile la zamani lilikuwa barua tu. Hili ni furushi zima. Barua humu, majedwali humu, anwani za wateja humu. Zote zinajuana."

"Na fomu za forodha?"

"Unaandika kama barua. Sawasawa na zamani."

"Mmejaribu?"

Akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama nje.

"Mama amejaribu," binti akasema polepole. "Haijakaa. Miezi hii miwili fomu zetu tunazipeleka duka la kupiga chapa kule stendi. Ndiyo maana baba amechoka."

Hapa lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, maana mtu asiyejua atadhani tulikuwa wajinga.

Fomu ya forodha ilikuwa karatasi sita zilizoshikana, kaboni katikati, imejaa visanduku. Jina la meli lina sanduku lake, alama za mzigo sanduku lake, uzito, bandari ya kushukia, vyote. Neno likigusa mstari wa sanduku, ofisa wa forodha anairudisha, na ana haki, ndiyo kazi yake. Sasa Shangazi alianza kazi hii wakati wa dhiki, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na fomu zenyewe za foleni. Aliniambia kuna mwezi shirika zima lililokuwa likisafirisha mkonge lilipewa fomu kumi. Ukiharibu moja, mzigo unakaa. Kwa hiyo waliamua fomu isipigwe na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye mashine, mwingine anasimama nyuma yake na daftari, anamhesabia nafasi. Kutoka ukingo wa karatasi mpaka jina la meli, nafasi kumi na nane. Kutoka hapo mpaka alama za mzigo, thelathini na nane. Anasema namba, wewe unagonga kile kibao kirefu cha nafasi, mnahesabu pamoja kwa sauti, kisha ndiyo neno.

Taipureta ikaja ikaenda, ikaja kompyuta yenye herufi za kijani, sisi tukaendelea vile vile. Shangazi nyuma na daftari, mimi mbele. Toleo lile la zamani lilikuwa na adabu ya taipureta. Kila herufi ilichukua upana mmoja, nafasi moja ni nafasi moja. Hata kushuka mstari tulikuwa tunabonyeza wenyewe kila tulipofika pale ambapo zamani kengele ingelia. Wageni wakija tajiri aliwaambia, "Sikilizeni, hao wanasali." Tulicheka. Na fomu hazikurudishwa.

Sasa nikaweka fomu kwenye printa, ile ya kugonga utepe, yenye kelele kama cherehani. Shangazi akasimama nyuma yangu.

"Jina la meli. Kumi na nane."

Tukahesabu. Nikaandika. "Alama za mzigo. Thelathini na nane." Tukahesabu. Tukamaliza ukurasa, nikaamuru ichapwe.

Ilitoka kama imepigwa na mlevi. Jina la meli liko nje ya sanduku, uzito umepanda juu ya bandari, na kila mstari tulioushusha wenyewe umevunjika katikati, nusu huku nusu kule. Juu ya hayo programu ilikuwa imefanya yake. Kila neno la Kiswahili imelipigia mstari mwekundu uliojikunja, mkonge makosa, Tanga makosa, marobota makosa. Nilipoandika orodha, herufi a katika mabano, b katika mabano, nilipofika c ikaigeuza kuwa c ndani ya duara. Nikaifuta nikaandika tena. Ikaigeuza tena.

"Ala!" nikasema. "Nani kakuuliza?"

"Usiitukane," Shangazi akasema. "Mimi nimeitukana miezi miwili haijasikia."

Nikageuka kumtazama. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika daftari, limefunguka ukurasa wa mapishi ya visheti. Alikuwa ananitajia namba bila kusoma. Nadhani miaka yote hakuwa anasoma. Nikamwomba anionyeshe alikuwa anabonyeza wapi nilipokuwa likizo, akaketi, akashika mausi kama mtu aliyeshika kifaranga, na akaisogeza mpaka ikafika ukingo wa meza ikaanguka. Akainua kichwa nyuma, nyuma zaidi, akikunja macho kwenye vile vipicha.

"Shangazi, unaviona hivi?"

"Naviona."

"Hiki ni nini?"

"Ni… kitana."

Kilikuwa mkasi.

Hakuwa anaviona. Karatasi aliiona, ukiishika mbali kwa urefu wa mkono. Herufi kubwa za kijani aliziona kwa mazoea. Lakini hivi vitu vidogo kwenye kioo cheupe, karibu na uso, vilikuwa ukungu kwake. Alikuwa amebakiza mwaka na miezi astaafu. Alikuwa akilea wajukuu wanne. Na alikuwa amemwambia tajiri wanisubiri mimi, isiwe dhuluma.

Hili halikunituliza. Ukitaka ukweli, lilinizidishia hasira, maana sasa sikuweza hata kumchukia.

Jumanne sikupata kitu. Jumatano Shangazi alikwenda bandarini na karatasi nyingine, binti wa tajiri alikuwa sokoni, nikabaki peke yangu na lile dude. Nikafikiri kama taipisti. Taipureta haijali herufi ni nene au nyembamba, kila moja inapewa chumba chake sawa. Hii mpya inazibana zile nyembamba. Basi ndani yake lazima iwepo herufi ya tabia ya zamani, haiwezekani wametupa yote. Nikafungua ile orodha ndefu ya aina za herufi. Kila aina niliyoichagua niliandika mstari wa i kumi na chini yake mstari wa m kumi. Mstari wa i ukawa mfupi kama mkia wa mjusi, wa m mrefu. Aina inayofuata, vivyo hivyo. Inayofuata. Saa sita na nusu ikafika, maziwa yakaanza kuuma, sikuondoka. Inayofuata. Nilikuwa nasikia kanga ndani ya sidiria imelowa, nikajua Chumbageni mtoto analia, mama anampa kidole, na mie niko hapa naandika mmmmmmmmmm kama ng'ombe.

Halafu mistari miwili ikalingana. I kumi, m kumi, zimeanza pamoja zimeisha pamoja. Sura yake ile ile ya taipureta, na miguu midogo.

Nikachapa kwenye karatasi tupu. Nikapima kwa rula. Sawa. Nikatafuta msaada uliomo ndani ya programu, wa Kiingereza, nikausoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne mpaka nikaona pa kuzima ile tabia ya kusahihisha watu wasioiomba. C ikabaki c. Nikaacha mistari iteremke yenyewe. Nikafuta kila kitu kwenye kioo.

Nilipofika nyumbani kwa baiskeli mtoto alikuwa amelia mpaka amelala. Nilimwamsha nimnyonyeshe, mama akanigombeza. Nilikuwa nayo kazi. Niliishika mkononi.

Nikarudi ofisini. Shangazi naye aliporudi mchana aliweka mkoba wake mezani, akavua viatu, akasema bila kunitazama, "Umeipata?"

Nikasema, "Bado."

Neno moja. Nimelirudia kichwani mara nyingi tangu hapo na sijaona namna ya kulipamba. Nilimdanganya mwanamke aliyenifundisha kazi, kwa sababu angejua angeweza kuikariri, kama alivyokariri namba zote zile, hata bila kuona. Angehesabu mibonyezo. Mara tatu chini, mara moja kulia. Angeweza. Na mie nilikuwa na mtoto.

"Basi Mungu mkubwa," akasema. Akanisukumia nusu ya mkate wa ufuta alionunua bandarini. "Kula. Anayenyonyesha hashindi na njaa." Nikaula.

Ijumaa tajiri alikuja na kofia ya swala, binti yake amesimama mlangoni. Karatasi za shehena ziko mezani. Meli imeshafunga gatini. Tajiri hakutaka kutazama yeyote kati yetu.

"Nani aanze?"

"Huyu mwanangu," Shangazi akasema. "Mimi nina miwani ya kwenda kuchukua hospitali, haijawa tayari."

Hakuwa na miwani yoyote hospitali.

Nikaketi. Nikachagua ile herufi yangu mbele ya macho yao, haraka, bila kusita kama angesita mtu ambaye bado hajaipata. Sikugeuka, lakini nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi. Aliisikia ile haraka. Mtu anayesikiliza vidole kwa miaka yote ile hawezi kudanganywa na vidole.

Nikaweka fomu. Nikaanza kugonga nafasi kimya kimya, kumi na nane, nikiamini nazijua. Jina la meli. Baada ya hapo thelathini na nane. Baada ya hapo… ishirini na moja? Ishirini na tatu? Miaka minne nilikuwa nagonga namba za mtu mwingine. Sikuwahi kuzibeba mwenyewe. Nikakisia. Nikachapa. Printa ikapiga kelele, fomu ikatoka, na kila kitu kilikuwa kimenyooka vizuri sana, kimenyooka nje ya visanduku. Vyote vimesogea kulia, na viwili vimepandana pale nilipokisia.

Tajiri alishika ndevu zake. Nilihisi maziwa yanashuka, blauzi imeanza kulowa mbele ya watu, nikaikumbatia ile kibodi nisionekane.

Shangazi akaja akaichukua fomu iliyoharibika. Akafungua kabati, akatoa nakala ya zamani, safi, ya msimu uliopita. Akaenda dirishani, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, jua likipita katikati, akanyoosha mikono mpaka mwisho, akarudisha kichwa nyuma. Akakaa hivyo.

"Imesogea sita," akasema. "Hii mpya ina ukingo mpana. Ya kwanza kila mstari, toa sita. Zinazofuata ziache."

"Shangazi," nikasema.

"Piga. Jina la meli. Kumi na mbili."

Nikageuka kwenye kioo. Nikahesabu kwa vidole tu, yeye akahesabu kwa mdomo. Moja, mbili, tatu. Nikaandika jina la meli.

"Alama. Thelathini na nane."

Kufika bandari ya kushukia nami nilikuwa nahesabu kwa sauti. Binti wa tajiri alikuwa ameegemea mlango, mdomo wazi, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakuta arobaini inasomwa. Ishirini na tatu. Kumi na sita, teremka mistari miwili. Toa sita. Nne. Sikuwa nimewahi kumsikia akizitaja vizuri namna ile, kila namba na pumzi yake, wala hakuharakisha pale nilipokosea nikafuta.

Nikachapa. Fomu ikatoka. Tajiri aliiinua kwenye mwanga, akatazama sanduku kwa sanduku, na nakala ya sita, ile ya chini kabisa, nayo akaikagua. Akasema "Mashallah" kwa sauti ndogo, akampa binti yake, binti akatoka mbio nazo kwenda forodha. Tajiri akarudi chumbani kwake kuipigia simu gati.

Tukabaki wawili. Shangazi aliketi kwenye kiti cha wageni, anasugua magoti. Nikataka kuifunga ile kazi nizime kompyuta, na hapo programu ikanitolea kidirisha katikati ya kioo. Inauliza, kwa Kiingereza, kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Ndiyo. Hapana. Acha.

Nilikaa mbele ya swali lile muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Maana nililielewa. Ndani ya ukurasa ule mlikuwa na namba zote za Shangazi, zote, pamoja na ile toa sita. Nikibonyeza ndiyo, wiki ijayo nafungua ukurasa, nabadili jina la meli na uzito, nachapa. Hakuna kuhesabu. Hakuna wa kusimama nyuma. Mtu mmoja anatosha, na huyo mmoja ni mimi. Alichokibeba kichwani tangu fomu zilipokuwa kumi kwa mwezi, alikuwa amenikabidhi chote katika dakika arobaini, mbele ya watu, baada ya kujua kwamba nimemdanganya.

Nikabonyeza hapana.

Sijifanyi malaika. Nilibonyeza kwa hasira, kama mtu anavyofunga mlango. Hasira na tajiri na kanga zake mbili, na Mererani, na walionunua mashamba, na mimi mwenyewe wa Jumatano. Kioo kikawa cheupe, hakina kitu.

Binti wa tajiri alirudi saa kumi, jasho linamtiririka, anacheka. Fomu imepigwa muhuri bila neno. Baba yake akatoka. Wakatuketisha.

"Kwa hiyo programu inafanya kazi," akasema binti.

"Inafanya," nikasema.

"Na mtu mmoja anatosha?"

"Wawili."

"Kwa nini wawili, dada?"

"Mmoja anahesabu, mmoja anapiga. Umeona mwenyewe. Nilipopiga peke yangu si uliona?"

Alinitazama. Alikuwa na akili yule, na kitu kilipita usoni pake. Nadhani kama angekaa Tanga wiki moja zaidi angefungua mashine akauliza ukurasa uko wapi. Lakini kesho yake alikuwa anarudi kwa mumewe Mombasa, na watoto wake walikuwa wanamngoja. Akasema tu, "Haya. Nyie ndio mnaojua forodha yenu."

Tajiri alifikiri sana. Kisha akasema fomu zipigwe asubuhi tu, kuanzia saa mbili mpaka saa saba, na mchana ofisi ya mbele ifungwe, na mishahara ifuate saa. "Sina zaidi ya hapo," akasema. "Mkikataa sitawalaumu."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza, na alikuwa na kisigino kigumu.

"Tumekubali, tajiri," akasema.

Nje, nikifungua mnyororo wa baiskeli, nilimwambia, "Nusu mshahara, Shangazi! Tunashukuru nini?"

"Saa saba utakuwa nyumbani kwako unanyonyesha kama mtu, si kama mwizi. Anza hapo, mengine utagomba ukipata nguvu. Tena ugombe naye, usigombe na baiskeli, utaivunja."

Kuhusu Jumatano hakusema kitu. Nilingoja aseme.

Jumatatu kulikuwa na shehena nyingine. Nilifika kabla yake, nikawasha, nikachagua ile herufi, nikaweka fomu. Akaingia, nikamwamkia, akaitikia, akatundika mkoba. Akaja akasimama nyuma yangu bila daftari. Tangu siku ile hakulibeba tena.

"Ile ya Ijumaa umeihifadhi?"

Nikageuka. "Wajua kuhifadhi, Shangazi?"

"Miezi miwili nimekaa na yule binti hapa. Kuona sioni, kusikia je? Kila akimaliza anasema, hifadhi, mama, hifadhi, usije ukaandika mara mbili. Umeihifadhi?"

"Sikuihifadhi."

Nje barabarani mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli, na printa ilikuwa inanguruma ikingoja.

"Na juzi uliniambia bado," akasema.

"Niliipata Jumatano."

"Najua ulipoipata. Ulikuwa na unyonge wa mtu aliyeshiba." Akanigonga kisogoni kwa vidole viwili, si kwa nguvu, lakini si mzaha pia. "Una mtoto mchanga na huna akili. Ungekuwa na akili ungebonyeza."

"Basi nihifadhi leo?"

"Nimesema hivyo?"

Nikageukia kioo.

"Jina la meli," akasema. "Kumi na mbili."

Tulifanya hivyo mwaka mzima na miezi, fomu kwa fomu, kila mara kuanzia mwanzo, na kila mara nikimaliza mashine inauliza na mimi nasema hapana. Tajiri hakuuliza. Siku moja alisimama mlangoni muda mrefu akitusikiliza, akasema amekumbuka enzi za fomu kumi, akarudi ndani. Shangazi alistaafu tarehe yake, kwa miguu yake, na barua ya kustaafu niliipiga mimi mwenyewe. Mtoto wangu alikuwa tayari anakimbia. Siku ya mwisho tulipiga fomu yetu, akaitazama dirishani kwa urefu wa mkono, akasema iko safi. Kidirisha kikatokea.

"Kinauliza?" akasema.

"Kinauliza."

"Haya sasa. Kikubalie."